Pima Kwanza, Shusha Baadaye: Mwongozo Kamili wa Kurekebisha Shokapu za Pikipiki ya Zamani

Pikipiki ninayoitumia kama mfano hapa ni Honda CG125. Aina hii ilitoka mwaka 1976, na injini yake imeigwa sana: pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria mitaani kwetu leo ni wajukuu zake. Yangu ni ya miaka ya 1980, niliirithi kwa baba mdogo. Nimeivua makava yote, nimeiwekea siti fupi ya ngozi, hendeli ya chini na taa ya duara. Kwa sura inapendeza. Kwa miaka miwili ya mwanzo, kwa kuendesha ilikuwa adhabu.

Kosa langu ndilo kosa la wengi. Niliona picha za pikipiki zilizolala chini, nikanunua shokapu fupi za nyuma, nikapandisha bomba za mbele kwenye klampu (vishikio vinavyozibana chini ya hendeli), nikafurahi. Wiki ya pili nilimpakia ndugu yangu kutoka Monduli kwenda Arusha. Kwenye tuta la tatu tukasikia mkwaruzo, kisha harufu ya mpira. Tairi la nyuma lilikuwa likigusa madigadi, limekata waya wa taa na kuchimba mfereji kwenye mpira wake lenyewe. Fundi aliyenifungia zile shokapu hakuwahi kunyanyua gurudumu kuona linafika wapi, na mimi sikumuuliza. Tulifika Arusha usiku bila taa ya nyuma, malori yakitujia kwa nyuma. Tangu siku ile nina mpangilio mmoja ambao siuvunji: kwanza uzima wa vifaa, pili springi, tatu mafuta, na urefu wa pikipiki mwisho kabisa.

Maelezo haya yanafaa pikipiki yoyote ya zamani yenye shokapu mbili za bomba na mafuta mbele, na mbili za springi nyuma. Honda CB za miaka ya 1970, Yamaha XS650, hata CG kama yangu, zote zinafanya kazi kwa kanuni zilezile. Kinachobadilika ni vipimo.

Vifaa vya kuwa navyo

Spana na bisibisi za kawaida, funguo za alenki (hakikisha kuna namba 6 na namba 8), futi ya chuma yenye milimita, venia (kipimo cha chuma cha kupimia unene na upana) kama unaweza kuazima, mzani wa kupimia uzito wa mtu, bomba kubwa la sindano lenye mpira mwembamba, na kamba mbili ndogo za plastiki za kufungia waya. Ongeza daftari. Ukifanya kazi hii bila kuandika, ukifika badiliko la tatu hujui tena ulianzia wapi.

Na uwe na msaidizi. Kuna vipimo ambavyo huwezi kuvichukua ukiwa umekaa juu ya pikipiki mwenyewe.

Kupima mzamo

Mzamo ni kiasi ambacho pikipiki inazama kwenye springi zake ikiwa imesimama. Watu wengi hudhani shokapu nzuri ni ile isiyozama. Sivyo. Gurudumu linahitaji nafasi ya kushuka likikuta shimo, kama linavyohitaji nafasi ya kupanda likikuta tuta. Shokapu isiyozama kabisa itaachia lami kila penye dimbwi.

Funga kamba ya plastiki kuzunguka bomba la kromu, ikaze kiasi cha kuteleza kwa shida. Hiyo ndiyo alama yako, na utaihitaji tena siku ya majaribio.

Nyanyua mbele mpaka gurudumu lining'inie. Pima kromu inayoonekana kutoka kwenye mdomo wa sili (mpira unaozuia mafuta kuvuja) hadi klampu ya chini. Yangu ilikuwa milimita 165. Ishushe chini, isimame yenyewe bila mtu, upime. Kisha kaa juu, na nguo zako za safari na helmeti, miguu ikiwa kwenye vikanyagio, msaidizi akishika hendeli kwa mbele bila kuikandamiza, mtu mwingine apime. Kipimo hiki cha mwisho kichukue mara mbili: mara moja baada ya kuikandamiza pikipiki na kuiacha ipande taratibu, mara ya pili baada ya kuinyanyua na kuiacha ishuke. Vitatofautiana. Chukua wastani. Tofauti hiyo ni msuguano wa sili na bushi. Ikizidi milimita 10 hivi, kuna kitu kinabana ndani au bomba limepinda.

Nikiwa juu, yangu ilibaki na milimita 113. Maana yake ilizama milimita 52. Safari nzima ya shokapu ile, kutoka juu mpaka kugonga chini, ni kama milimita 110. Yaani karibu nusu ya safari ililiwa kabla sijaondoka nyumbani.

Kwa pikipiki ya barabarani, lenga mzamo wa robo hadi theluthi ya safari ukiwa umekaa juu. Kwa safari ya 110 hiyo ni kati ya 28 na 36. Nyuma pima vilevile, kutoka kwenye ekseli kwenda juu wima hadi alama utakayoweka kwenye fremu, na lengo ni hilohilo la robo hadi theluthi.

Kile kipimo cha pikipiki ikiwa peke yake usikitupe, kina siri yake. Ukipata mzamo mzuri ukiwa umekaa, lakini ukishuka pikipiki inapanda mpaka juu kabisa bila kubakiza hata kidogo, springi ni laini mno na imebanwa kupita kiasi ili kuficha ulaini wake. Kinyume chake, ikiwa peke yake inazama sana na ukikaa inaongeza kidogo tu, springi ni ngumu kuliko uzito wako.

Kufungua shokapu za mbele

Kabla hujanyanyua chochote, legeza vifuniko vya juu vya bomba wakati bado zimebanwa na klampu. Ukishazitoa hutapata pa kuzishikia. Legeza tu, usifungue. Chini ya kifuniko kuna springi iliyobanwa, na kifuniko kinaweza kuruka usoni. Wakati wa kukitoa kabisa, kandamiza kwa kiganja kilichovaa glovu nene, na kichwa chako kiwe pembeni.

Nyanyua pikipiki kwa kuweka gogo au jeki chini ya injini, toa gurudumu, madigadi na breki, legeza klampu, kisha zungusha bomba huku ukilivuta chini. Likikataa, usilipige nyundo. Tia bisibisi kwenye mfereji wa klampu, ipanue kidogo sana, na bomba litashuka.

Geuza shokapu juu ya chombo safi na uangalie kinachotoka. Katika yangu, mguu wa kushoto ulitoa mafuta meusi kama chai ya mkandaa, yenye ungaunga wa kijivu uliokuwa unang'aa juani. Ule ni chuma cha bushi kilichosagika. Mguu wa kulia ulitoa kitu cha rangi ya chai ya maziwa: maji yalikuwa yameingia kupitia sili iliyopasuka na kuchanganyika na mafuta. Miguu miwili ya pikipiki moja ilikuwa inafanya kazi mbili tofauti. Ndiyo maana ilikuwa ikivuta upande kila nilipokamata breki.

Ili kutenganisha mguu wa aluminiamu na bomba la kromu, kuna bolti ya alenki chini kabisa, ndani ya tundu la ekseli au karibu nalo. Mara nyingi ukiizungusha, rodi ya ndani huzunguka nayo. Dawa ni kuifungua bolti hiyo springi ikiwa ndani na kifuniko kimefungwa, huku mwenzako akiikandamiza shokapu. Ule mkandamizo huishika rodi. Ikigoma bado, chonga ncha ya mpini wa ufagio iwe kama penseli nene, uisukume ndani mpaka ishike kichwa cha rodi.

Ukaguzi, ambao usiuruke

Lalisha bomba la kromu juu ya kioo cha dirisha na ulibiringishe polepole. Mwanga ukionekana na kupotea chini yake, limepinda. Pindo dogo fundi mwenye mashine ya kubana anaweza kulinyoosha. Lililokunjika mpaka kromu imefanya mkunjo, achana nalo.

Pitisha ukucha kwenye eneo ambalo sili husafiri. Ukikwama kwenye kishimo cha kutu, sili mpya haitadumu. Kishimo kilicho juu zaidi, ambako sili haifiki, hakina madhara. Vishimo vichache vidogo unaweza kuvijaza gundi ya chuma ya sehemu mbili na kusawazisha kwa msasa laini wenye maji, namba 1000 na kuendelea. Ni tiba ya muda, nakiri, lakini yangu imenivusha masika mbili.

Kagua pia beringi za stelingi, kwa kuwa mbele iko wazi. Zungusha stelingi kutoka kushoto kwenda kulia taratibu. Ukihisi kama inaingia kwenye kishimo katikati, vikombe vimechimbika. Hakuna shokapu itakayoficha kasoro hiyo.

Sili mpya ipake mafuta, funika mdomo wa bomba kwa nailoni nyembamba ili makali yasiichane, na uisukume kwa kipande cha bomba la plastiki la maji chenye upana unaolingana nayo. Usitumie bisibisi na nyundo kuigonga pembe moja moja. Na ukiwa hapo, weka zile raba za kukunjakunja zinazofunika kromu. Pikipiki za zamani zilikuwa nazo, zinapendeza kwenye pikipiki ya aina hii, na kwa vumbi letu ndizo zinazookoa sili kuliko kitu kingine chochote.

Springi

Hapa ndipo pikipiki inapopata tabia yake, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Pima urefu wa springi zote mbili zikiwa nje. Zangu zilikuwa 400 na 394. Umri na mizigo vilikuwa vimeifupisha moja. Kisha pima ugumu. Simamisha springi juu ya mzani wa bafuni, ndani ya kipande cha bomba ili isipinde pembeni, ikandamize milimita 50 kamili na usome mzani. Yangu ilisoma kilo 25. Gawa kwa 50, unapata kilo 0.5 kwa kila milimita. Huo ndio ugumu wake, na sasa una namba ya kufanyia hesabu.

Njia nyepesi ya kupunguza mzamo ni kuongeza kipande juu ya springi. Kata bomba gumu la plastiki, lile lenye ukuta mnene, liingie bila kubana, mikato yote miwili iwe sawa kabisa, na uweke washa bapa ya chuma kati yake na springi ili springi isilitafune. Kipande cha milimita 12 kiliondoa milimita 12 za mzamo wangu, kutoka 52 hadi 40. Kwa springi ya ugumu mmoja, mlingano ni huo wa moja kwa moja. Kwa kuwa springi zangu hazikulingana, upande wa kulia ulipata kipande kirefu zaidi kwa milimita 6, ili zote zibanwe sawa.

Lakini kuibana springi hakuifanyi iwe ngumu. Kunaianzishia tu juu zaidi. Ukitaka ugumu halisi, nunua springi nyingine au punguza mizunguko ya hii uliyonayo. Ugumu hupanda kadiri mizunguko inavyopungua: ukitoa sehemu ya kumi ya mizunguko, ugumu hupanda kwa karibu asilimia 11. Springi yangu ina mizunguko 60. Nilikata 6, ugumu ukatoka 0.5 hadi kama 0.55, na urefu uliopotea nikaufidia kwa kipande kirefu zaidi cha bomba. Nikabana milimita 20 kwa jumla. Mzamo ukawa 35.

Kabla ya kukata, fanya hesabu ya nafasi, maana springi ikikutana mizunguko yake yote kabla shokapu haijafika mwisho, utapata kigongo cha chuma kwa chuma. Chukua mizunguko, zidisha kwa unene wa waya, toa jibu kwenye urefu. Kwangu: 60 mara 3.5 ni 210. Springi fupi ya 394 ukitoa 210 inabaki 184. Baada ya kukata moja ya kumi inabaki kama 165. Mahitaji yangu ni safari ya 110 na mbano wa 20, jumla 130. Nafasi ipo. Isingekuwepo, nisingekata.

Kata kwa diski nyembamba, kidogokidogo, huku ukipoza kwa maji. Springi ikipata moto mpaka kubadilika rangi, mahali hapo pamekufa. Kwa sababu hiyohiyo, usikubali mtu akupunguzie urefu wa springi kwa kuichoma na gesi. Nimeiona ikifanyika, inaonekana ya haraka, na springi ile hulala moja kwa moja ndani ya miezi michache. Upande uliokatwa uelekee juu, kwenye washa. Ikiwa springi yako ina mizunguko iliyobanana upande mmoja na kuachana upande mwingine, hesabu za hapo juu hazitakaa sawa; kata kutoka upande uliobanana, mzunguko mmoja baada ya mwingine, ukipima kila mara.

Mafuta

Springi hubeba uzito. Mafuta ndiyo yanayoizuia isichezecheze baada ya kila tuta. Ndani ya shokapu hizi kuna rodi yenye matundu, na mafuta yakilazimishwa kupita matunduni hutuliza mwendo. Udhaifu wa mpango huu ni kwamba upinzani hauongezeki sawasawa na mwendo: ukienda taratibu mafuta hupita karibu bila kizuizi na pua inainama kwenye breki, ukigonga jiwe kwa kasi, matundu hayatoshi na shokapu inakakamaa kama mti. Mafuta mazito huponya la kwanza na kuzidisha la pili.

Ndiyo sababu naumia nikiona shokapu zikijazwa oili ya injini, tena wakati mwingine iliyokwisha tumika. Oili nzito ya injini ni nzito mara kadhaa kuliko inayotakiwa. Siku ya kwanza mwendeshaji husema pikipiki imetulia, kwa sababu haiinami tena kwenye breki. Kisha anaingia kwenye barabara yenye makorongo, na mikono inakufa ganzi.

Chupa za mafuta ya shokapu huandikwa 5, 10, 15 au 20, lakini namba hizo hazilingani kati ya kiwanda na kiwanda. Namba ya kuaminika ni uzito wa mafuta, yaani ugumu wake wa kutiririka, kwenye nyuzi joto 40, unaopimwa kwa sentistoki. Na hapa kuna habari njema kwa tulio mbali na maduka ya vipuri vya pikipiki kubwa: mafuta ya haidroliki yanayouzwa kwa ajili ya matrekta na mitambo, yale yenye namba 32, 46 au 68, namba hiyo ndiyo sentistoki zenyewe. Namba 32 iko karibu na mafuta ya shokapu ya 10, na 46 iko karibu na 15. Yana dawa ya kuzuia povu, kitu muhimu sana, kwa kuwa mafuta yenye povu hayatulizi kitu. Mafuta ya gia za otomatiki, ATF, nayo yanafaa. Vitabu vingi vya Honda vya miaka ile viliyataja yenyewe, na uzito wake uko jirani na namba 32.

Anza na 32 au ATF. Ukiwa na 32 na ukiona shokapu inarudi juu kwa kishindo baada ya tuta, ichanganye nusu kwa nusu na 46. Usichanganye ATF na ya haidroliki. Baki na aina moja.

Kiasi usikipime kwa kikombe tu, kwa sababu mafuta ya zamani hubaki kwenye kuta. Pima kimo. Springi ikiwa nje, shokapu imekandamizwa mpaka chini kabisa na imesimama wima, mimina mafuta, pampu mara kumi kutoa hewa, iache itulie dakika kumi. Funga alama kwenye mpira wa bomba la sindano, uuingize mpaka alama iguse mdomo wa bomba la kromu, na unyonye ziada yote. Mimi nilianza na milimita 160 kutoka mdomoni. Hewa iliyobaki juu ya mafuta ni springi ya pili. Ukipandisha mafuta, hewa inapungua na shokapu inakuwa ngumu mwishoni mwa safari bila kubadilika mwanzoni. Ni dawa nzuri ya shokapu inayogonga chini kwenye matuta tu. Panda milimita 10 kwa mara moja, pande zote mbili sawasawa. Ukizidisha, presha itasukuma sili nje.

Wenye pikipiki kubwa zaidi, kama Honda CB750 yenye bomba za milimita 35, wana njia nyingine. Kampuni ya Race Tech ya Marekani hutengeneza valvu ndogo inayokaa juu ya rodi, chini ya springi, inayofunguka yenyewe mafuta yakija kwa kasi. Ukiiweka, matundu ya chini ya rodi hupanuliwa kwa drili ili yasizuie tena, kazi yote ibaki kwa valvu. Ni badiliko kubwa na halina kurudi nyuma kwa rodi ile, kwa hiyo tafuta rodi ya akiba kwanza.

Nyuma

Kabla hujanunua shokapu za nyuma, shika gurudumu la nyuma juu na chini, lisukume kulia na kushoto. Ukisikia "tok", bushi za swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma) zimekwisha. Kuweka shokapu mpya juu ya swingamu inayocheza ni kupaka rangi ukuta wenye ufa. Mkereza vyuma yeyote mzuri anaweza kukukerezea bushi za shaba nyeusi. Mpelekee na pini yake, apime yeye mwenyewe, kisha utoboe mahali pa kutilia grisi.

Sasa chagua. Pima urefu kutoka katikati ya jicho la juu hadi katikati ya jicho la chini, upana wa tundu la bolti, na upana wa bushi. Duka litakupa shokapu kwa vipimo hivyo. Angalia pia uzito ambao springi zake zilikusudiwa: shokapu nyingi zinazouzwa mitaani zimetengenezwa kwa mizigo na abiria wawili, na kwa mtu mmoja kwenye pikipiki iliyovuliwa makava zitakurusha kwenye siti.

Ukitaka kubadilisha pembe au mahali pa kufungia, elewa kinachotokea. Tuseme swingamu ina urefu wa milimita 420 kutoka pini hadi ekseli, na shokapu inafungwa kwenye 380. 380 kwa 420 ni 0.9, na kwa ugumu wa springi uwiano huu hujizidisha wenyewe: unabaki na asilimia 82 tu ya ugumu. Ukiilaza shokapu digrii 20 kutoka wima wa swingamu, inapungua tena mpaka kama asilimia 72. Ndiyo maana pikipiki zilizolazwa shokapu kwa ajili ya sura huzama kama godoro bovu, ingawa springi ni zilezile. Ukizilaza, lazima springi ziwe ngumu zaidi kwa kiwango hicho.

Vishikio vya shokapu usivichomelee kwa fundi wa mageti. Nasema hivi kwa heshima, wengi wao wana mikono mizuri, lakini kiungo hiki hubeba uzito wako wote mara elfu kwa siku, na kikiachia huna onyo. Ukikata fremu ya nyuma ili ufupishe siti, mkato uwe nyuma ya vishikio, kamwe usiwe mbele yake.

Kisha fanya lile ambalo kwangu halikufanyika. Toa shokapu zote mbili. Nyanyua gurudumu kwa mkono mpaka umbali kati ya vishikio ulingane na urefu wa shokapu ikiwa imekandamizwa mwisho. Zungusha tairi. Kati yake na madigadi, siti, nyaya na betri kuwe na angalau milimita 20 za hewa. Angalia na cheni: mahali gani kwenye safari inakaza zaidi? Legeza cheni kwa kipimo cha pale, si cha pikipiki ikiwa kwenye stendi.

Mwisho rekebisha mbano kwa ile pete yenye ngazi, pande mbili ngazi sawa, mpaka mzamo uingie kwenye robo hadi theluthi.

Urefu

Sasa, kama bado unataka ishuke, unaweza. Kwa kadiri ninavyoona, wengi wakifika hapa hawahitaji tena, kwa kuwa pikipiki iliyokaa sawasawa mbele na nyuma hupendeza ilivyo.

Ukipandisha bomba za mbele kwenye klampu kwa milimita 10, kwa pikipiki yenye umbali wa milimita 1,200 kati ya ekseli mbili, pembe ya stelingi husimama wima zaidi kwa karibu nusu digrii. Chora mstari kufuata mhimili wa stelingi mpaka uguse ardhi. Tairi hugusa ardhi nyuma kidogo ya hapo. Umbali huo ndio unaolifanya gurudumu lijinyooshe lenyewe, na kwa kila milimita 10 hupungua kama 3. Utahisi pikipiki ni nyepesi kugeuza. Ukizidi, utahisi hendeli ikitetemeka ukiwa kwenye mteremko. Shokapu ndefu nyuma hufanya jambo hilohilo, fupi hufanya kinyume. Kwa hiyo ukishusha mbele 10, fikiria nyuma pia. Na usipite milimita 15 bila kujaribu barabarani, wala bila kuhakikisha madigadi ya mbele haigusi klampu ya chini shokapu ikifika mwisho.

Majaribio

Chagua kipande cha barabara unachokijua, chenye tuta moja, rasta (vituta vidogo vilivyopangwa karibukaribu) na kona moja. Rasta ndiyo mwalimu bora: mwendo wa 40, mikono imelegea. Hendeli ikipiga viganja, mafuta ni mazito. Ikielea na kuendelea kucheza baada ya rasta kwisha, mafuta ni mepesi. Kisha kamata breki ya mbele kwa nguvu ukiwa 50, simama, na utazame ile kamba ya plastiki ilipofika. Ikibaki milimita 15 hadi 20 kabla ya mwisho, ndipo panapotakiwa. Ikigonga mwisho, pandisha kimo cha mafuta kwanza kabla hujagusa springi.

Badilisha kitu kimoja kwa mara moja. Andika tarehe, kimo, mbano, na ulichohisi, kabla hujavua helmeti. Upepo wa tairi uwe uleule kila siku ya jaribio, upimwe asubuhi kabla jua halijapasha mpira, la sivyo utakuwa unajaribu tairi.

Baada ya kilomita 300 kaza tena bolti za klampu na za shokapu, pitisha kitambaa cheupe kwenye kromu kuona kama kuna mstari wa mafuta, na upime mzamo upya. Springi zilizokatwa na bushi mpya huwa zimekaa vizuri kufikia hapo. Mafuta ya kwanza yamwage kwenye kilomita 1,000, kwa sababu yatakuwa yameosha uchafu wote wa miaka thelathini uliojificha ndani ya miguu ile.